Jua lipo, kipimo ndicho adimu: Historia ya mwanga na lami katika kutibu soriasisi

Bariadi jua halifiki utosini saa sita kamili. Saa za Tanzania hufuata mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki, unaopita Bahari ya Hindi mbali na pwani yetu, ilhali mji huu wa mkoa wa Simiyu uko karibu na nyuzi 34. Tofauti hiyo hulichelewesha jua kwa dakika 44 hivi, hivyo kwa siku nyingi za mwaka kivuli huwa kifupi kabisa yapata saa saba kasorobo mchana. Mkulima anayepalilia pamba hana haja ya hesabu hiyo. Anayeihitaji ni mgonjwa wa soriasisi aliyetoka zahanati na maelekezo ya maneno mawili: ota jua.

Maelekezo hayo hayakutungwa mlangoni. Mwongozo wa taifa wa matibabu umekuwa ukiwashauri wenye ugonjwa huu wayaanike mabaka juani kwa muda kila siku, na papo hapo ukitaja dawa ya kupaka ya lami ya makaa ya mawe iliyochanganywa na vaselini. Jua ni bure na lami ni ya bei nafuu. Ni rahisi kudhani kwamba hii ni tiba ya maskini, iliyobuniwa kwa ajili ya mahali pasipo na mashine. Ukweli ni kwamba kwa nusu karne hospitali kubwa za Marekani na Uingereza ziliwalaza wagonjwa wao kwa wiki kadhaa ili kuwapa hivyo hivyo viwili: mwanga na lami.

Katika historia ya vitu hivyo jambo moja linajirudia. Jua na lami vilikuwepo muda mrefu kabla ya kuwa tiba. Viligeuka tiba pale alipopatikana mtu wa kuvipima: mwanga wa aina gani, kwa dakika ngapi, lami kiasi gani, ikae mwilini saa ngapi. Simiyu ina jua la kutosha na la ziada. Pengo lake liko kwenye kipimo, na kwa mpimaji.

Ndani ya kivuli cha ukoma

Soriasisi ni ugonjwa wa kinga ya mwili kwenda kombo. Seli za kinga, ambazo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huichochea ngozi ijijenge kwa pupa. Kwa kawaida seli ya ngozi huchukua karibu mwezi mmoja tangu kuzaliwa chini mpaka kufika juu na kupukutika. Penye soriasisi kazi hiyo huisha kwa siku tatu hadi tano. Seli ambazo hazijakomaa hurundikana na kuwa magamba yenye rangi ya fedha kwenye viwiko, magoti, kiuno na kichwani. Wazungu huona baka jekundu. Kwenye ngozi nyeusi baka huwa la zambarau, la kijivu au jeusi zaidi ya ngozi iliyolizunguka, na hata likipona huacha doa linalokaa miezi. Ugonjwa hauambukizi. Kwa sehemu hurithiwa, na huweza kuamshwa na maambukizi ya koo, jeraha, msongo wa mawazo au baadhi ya dawa.

Magamba hayo yamewaponza watu wengi. Daktari Robert Willan wa London aliuandika ugonjwa huu kwa ufasaha mwaka 1808, lakini hata majina aliyotumia bado yaliuchanganya na ukoma. Ilifika mwaka 1841 ndipo Ferdinand von Hebra wa Vienna alipoyatenganisha magonjwa haya mawili moja kwa moja. Kabla ya hapo mtu mwenye magamba angeweza kuhesabiwa mkoma na kutengwa na jamii yake, ilhali hakuwa na hata kijidudu kimoja cha ukoma.

Huku kwetu huduma ya ngozi kwa miaka mingi ilimaanisha huduma ya ukoma. Ukoma ndio ulioogopwa, ndio uliojengewa makambi, na wakazi wa Kanda ya Ziwa bado wanaijua Bukumbi iliyoko Misungwi. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulipoanza mwaka 1977, ukaguzi wa baka la ngozi ulishuka hadi kwenye vituo vya kawaida vya afya. Mhudumu humfumbisha mgonjwa macho na kugusa baka kwa unyuzi wa pamba. Baka la ukoma mara nyingi limekufa ganzi. La soriasisi huhisi, tena huwasha. Unyuzi wa pamba, kitu ambacho Simiyu haijawahi kukikosa, unaweza kumwondolea mtu hofu kubwa kwa nusu dakika.

Ila kujua kwamba si ukoma hakumwambii mgonjwa anaumwa nini. Ugonjwa unaokuja, ukatulia, ukarudi tena msimu mwingine huwa rahisi kupewa maelezo ya kurogwa, na Bariadi, yenye kijiji cha Gamboshi ambacho simulizi zake za uchawi zimeenea nchi nzima, haina upungufu wa maelezo ya namna hiyo. Mgonjwa huzunguka kwa waganga, huhamia duka la dawa, hujaribu dawa za fangasi, kisha tyubu ya steroidi kali aliyoelekezwa na jirani. Tyubu humsafisha kwa wiki mbili. Akiiacha ghafla, magamba hurudi na pengine yakiwa mabaya kuliko mwanzo.

Taka ya kiwanda iliyoingia famasi

Lami ya makaa ya mawe si ile inayomwagwa barabarani, na hili lazima lisemwe wazi kabla mtu hajachota ya mkandarasi. Lami ya barabara hutokana na mafuta ya petroli. Ya dawa hutoka kwenye makaa ya mawe yaliyopashwa moto mkali ndani ya tanuri lisiloingiza hewa. Makaa hayo hayawaki. Huachia gesi, hubakiza koki inayoyeyushia chuma, na hutoa kimiminika kizito cheusi chenye harufu kali. Hicho ndicho lami, mchanganyiko wa maelfu ya kemikali. Tanzania ina makaa ya mawe Ngaka, Kiwira na Mchuchuma, ila kuyachoma kiwandani kama kuni hakutoi dawa.

Lami hii ilipatikana kwa wingi baada ya mwaka 1812, London ilipoanzisha kampuni ya kusambaza gesi ya makaa kwa ajili ya taa za mitaani. Gesi ilikuwa bidhaa, lami ilikuwa taka iliyorundikana. Wafamasia walianza kuijaribu kwenye ngozi, na karne ya 19 haikwisha kabla ya lami kuingia katika sabuni na dawa za kupaka za Ulaya. Sabuni ya lami ya Wright, iliyoanza kuuzwa miaka ya 1860, ilivuka bahari na kuenea makoloni. Wakati huohuo unga wa mti wa araroba kutoka Brazili, uliopewa jina la Goa kwa kuwa ulipitia kwenye makoloni ya Wareno ya Bahari ya Hindi, ulionekana kufaa kwa soriasisi katika miaka ya 1870. Kutokana nao Wajerumani walitengeneza dithranoli mwaka 1916, dawa iliyokuwa mwenza wa lami kwa miongo mingi.

Lami ilikuja na sifa mbaya pia. Mwaka 1775 daktari mpasuaji Percivall Pott wa London alikuwa ameonyesha kwamba wasafisha dohani, waliokaa na masizi ya makaa mwilini tangu utotoni, walipata saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani. Mwaka 1915 Wajapani Katsusaburo Yamagiwa na Koichi Ichikawa walipaka lami masikio ya sungura mara kwa mara kwa miezi mingi mpaka saratani ikaota. Ilikuwa mara ya kwanza saratani kusababishwa kwa makusudi maabarani kwa kutumia kemikali. Je, mgonjwa anayejipaka dawa yenye lami kidogo ana hatari hiyo? Watafiti wa Uholanzi walifuatilia kumbukumbu za wagonjwa 13,200 wa soriasisi na pumu ya ngozi, na katika ripoti yao ya mwaka 2010 hawakukuta saratani zaidi kwa waliotibiwa kwa lami. Sungura alipakwa sana na kwa muda mrefu. Mgonjwa hupakwa kidogo, kwa muda, kisha husimamishwa. Kiasi ndicho kilichotofautisha.

Mwanga waingia hospitali

Mwanga nao ulipata mpimaji wake. Niels Finsen, aliyezaliwa Tórshavn katika visiwa vya Faroe, alikuwa mtu wa afya dhaifu aliyeishi Copenhagen na kulichunguza jua kwa shauku ya mtu anayelikosa. Mwaka 1896 alifungua taasisi ya kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa taa kali ya umeme, akichuja joto lake kwa maji na lenzi ili lisimuunguze mgonjwa. Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Mwaka uliofuata alifariki. Finsen hakutibu soriasisi. Alichoacha ni wazo kwamba mwanga unaweza kutolewa kwa dozi, na kwamba sehemu inayofanya kazi ni ile isiyoonekana kwa macho, yaani mionzi ya urujuanimno.

Miaka 22 baada ya tuzo hiyo, lami na mwanga vilikutana. William Goeckerman, daktari wa ngozi wa Mayo Clinic huko Rochester, Minnesota, alichapisha mwaka 1925 utaratibu ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake. Mgonjwa alilazwa. Mwili ulipakwa lami ghafi iliyochanganywa kwenye mafuta mazito, ikakaa saa nyingi, mara nyingi usiku kucha. Asubuhi muuguzi aliifuta kwa mafuta ya zeituni, akiacha utando mwembamba tu juu ya baka. Mgonjwa akasimama mbele ya taa ya zebaki yenye kioo cha kwatsi kwa muda uliohesabiwa, muda ambao uliongezwa kidogo kila siku. Kisha akaoga, akasuguliwa magamba yaliyolegea, akapakwa upya. Shuka zilichafuka, wodi ilinuka, na kazi ilidumu wiki tatu au nne. Lakini ngozi ilisafika, na wengi walikaa miezi bila mabaka kurudi.

Goeckerman aliamini lami inaipa ngozi wepesi wa kupokea mwanga. Baadaye ilionekana kwamba lami nene huuzuia mwanga, na ndiyo maana kuifuta kulikuwa na maana kuliko alivyojua. Ilionekana pia kwamba kila kimoja kina kazi yake: mionzi huziua seli za kinga zilizojazana kwenye baka na kupunguza kasi ya kujigawa kwa seli za ngozi, lami huisaidia ngozi ikomae inavyopaswa na kutuliza mwasho. Mwaka 1953 John Ingram wa Leeds, Uingereza, aliongeza dithranoli kwenye ratiba: bafu la lami, taa, kisha dithranoli. Ratiba yake ikawa kanuni katika hospitali za huko kwa miaka mingi.

Wakati huohuo Afrika ilikuwa na mchango wake. Katika bonde la Mto Nile humea mmea wa jamii ya bizari ambao mganga na mtaalamu wa mimea Ibn al-Baytar aliutaja karne ya 13: aliyekunywa dawa yake akakaa juani alirudishiwa rangi ya ngozi. Miaka ya 1940 wanasayansi wa Misri waliutoa mmea huo kemikali yake, psoraleni, na Abdel Monem El Mofty wa Cairo akachapisha matibabu ya ugonjwa wa mbalanga kwa kutumia dawa hiyo pamoja na jua. Mwaka 1974 madaktari wa Boston, wakiongozwa na John Parrish na Thomas Fitzpatrick, walitumia psoraleni pamoja na taa maalumu kutibu soriasisi sugu, na dunia nzima ikaigeukia njia hiyo. Wagonjwa walifuatiliwa kwa miaka mingi, na kwa weupe waliopigwa dozi nyingi saratani za ngozi ziliongezeka. Kwa mara nyingine somo likawa la kipimo.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya kuchagua. Mwaka 1981 Parrish na Kurt Jaenicke walipima ni urefu gani wa mawimbi ya mwanga unaosafisha baka bila kuunguza ngozi, wakakuta ni sehemu nyembamba sana, karibu na nanomita 304 hadi 313. Kampuni ya Philips ya Uholanzi ikatengeneza taa inayotoa takriban nanomita 311 pekee. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1988 yalionyesha kwamba taa hiyo inafanya kazi vizuri bila psoraleni na bila kulazwa. Hiyo ndiyo taa inayotumika zaidi leo: mgonjwa huingia kwenye kibanda chenye taa nyingi ndefu, hukaa dakika chache au hata sekunde, hutoka na kwenda kazini, mara mbili au tatu kwa wiki, mpaka apate vipindi kama 20 hadi 36.

Klorokwini, Ukimwi na Moshi

Katika Tanzania ya vijijini, mtu mwenye soriasisi alikabili mambo mawili ambayo vitabu vya Ulaya havikuyapa uzito. La kwanza ni malaria. Klorokwini, kidonge kilichokuwa katika kila nyumba mpaka nchi ilipoacha kukitumia kama dawa ya kwanza mwaka 2001, ni miongoni mwa dawa zinazoweza kuichochea soriasisi. Mtu wa Maswa au Meatu aliyeugua malaria mara kadhaa kwa mwaka angeweza kuona magamba yakipamba moto kila baada ya homa, asijue kama ni homa, ni kidonge, au ni mtu aliyemtendea.

La pili ni Ukimwi. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata madaktari wa Afrika Mashariki walianza kuona soriasisi kali isiyo ya kawaida, wakati mwingine ya mwili mzima, kwa watu ambao hawakuwahi kuwa nayo. Soriasisi ya ghafla ikawa moja ya ishara za kumshauri mgonjwa apime. Dawa za kufubaza makali ya VVU, zilizoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, zilikuwa kwa wagonjwa wengi pia dawa ya ngozi, kwa sababu kinga ilipotengemaa na mabaka yalipungua.

Nani angeyatambua haya yote katika nchi yenye madaktari bingwa wa ngozi wa kuhesabika kwa vidole? Jibu lilianzia Moshi. Mwaka 1987 madaktari wa ngozi wa kimataifa waliunda Taasisi ya Kimataifa ya Ngozi, na moja ya kazi zake za kwanza ikawa kujenga kituo cha mafunzo Afrika. Walichagua hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya Mlima Kilimanjaro. Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilianza kufundisha mwaka 1992 chini ya daktari Mjerumani, Henning Grossmann. Wazo lake lilikuwa rahisi na la busara: badala ya kungoja mabingwa wachache, chukua matabibu na wauguzi walio tayari vijijini, wafundishe ngozi kwa miaka miwili, uwarudishe makwao. Wanafunzi wamekuja kutoka nchi zaidi ya kumi za Afrika, na baadaye kituo kikaongeza shahada ya ubingwa kwa madaktari.

Kituo hicho kilifundisha pia jambo ambalo tiba ya lami haiwezi kuishi bila hilo: kuchanganya dawa. Lami tayari kwenye tyubu ni nadra katika famasi zetu, lakini malighafi yake ikipatikana, kazi yenyewe huhitaji mzani, kigae na mikono makini. Chukua mchanganyiko wa kawaida wa gramu 100: lami gramu 5, asidi ya salisiliki gramu 2, vaselini gramu 93. Unga wa asidi husagwa kwanza kwenye kinu kidogo cha kauri mpaka usikwaruze, maana punje moja kubwa huunguza ngozi. Hulainishwa kwa matone ya mafuta ya parafini. Lami humiminwa juu ya kigae, kisha vaselini huongezwa kidogo kidogo, ikikandwa kwa visu viwili butu, huku na huku, mpaka mistari myeusi ipotee na marhamu yote yawe ya rangi moja ya kahawia. Huwekwa kwenye kopo lisilopitisha mwanga, na kuandikwa tarehe. Asidi hulegeza magamba, lami hushuka kwenye ngozi. Mgonjwa huambiwa avae nguo kuukuu usiku, kwa sababu doa la lami halitoki kwa sabuni yoyote.

Lami haijafutwa duniani kwa kuwa imezeeka. Bado imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ikiwa ya asilimia 5. Mwaka 2014 mkutano mkuu wa shirika hilo ulipitisha azimio la kuitambua soriasisi kuwa ugonjwa sugu usioambukiza, wenye maumivu, unaoharibu umbo na kulemaza, na usio na tiba ya kuuondoa kabisa. Ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2016 ilionyesha kwamba kiwango cha chini kabisa kilichowahi kuripotiwa, asilimia 0.09, kilitoka Tanzania. Hata kwa kiwango hicho cha chini, Simiyu yenye watu 2,140,497 kwa sensa ya 2022 ingekuwa na wagonjwa wapatao 1,900.

Simiyu na hesabu ya dakika

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega Shinyanga na Mwanza, ukapewa wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Una hospitali yake ya rufaa mjini Bariadi. Mwaka 2017 barabara ya Bariadi hadi Lamadi ilizinduliwa ikiwa na lami, na safari ya kwenda Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza, ikawa ya saa chache. Lakini tiba ya taa haitaki safari moja. Inataka mara tatu kwa wiki kwa wiki kumi. Mkulima wa Mwanhuzi hawezi kulala Mwanza miezi miwili na nusu ilhali pamba inachanua, na nauli za vipindi 30 kwenda na kurudi zingemaliza mauzo ya msimu. Ndiyo maana jua linabaki kuwa taa ya wengi hapa, na ndiyo maana linapaswa kuheshimiwa kama taa.

Jua lina mionzi ile ile ya nanomita 311, pamoja na mingine mingi inayounguza bila faida. Kiasi chake hubadilika kwa saa. Jua la saa moja asubuhi, ambalo wengi huliamini kuwa ndilo zuri kwa afya, hapa Bariadi ndiyo kwanza limechomoza. Mionzi yake hupita njia ndefu angani na sehemu inayotibu huwa imechujwa karibu yote. Mgonjwa anaweza kulikalia mwezi mzima asione mabadiliko, akasema jua halifai. Jua la kati ya saa sita na saa nane ni upande wa pili: liko juu ya kichwa, na mkoa wenyewe uko zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari. Hapo dakika chache za mwanzo zinatosha. Kati ya saa tatu na saa nne asubuhi kuna nafasi ya kuanzia kwa tahadhari, kwa dakika chache, na kuziongeza taratibu ikiwa kesho yake ngozi haikuchoma wala kuuma.

Hospitalini hupima uvumilivu wa kila ngozi kabla ya kuanza: vipande vidogo mgongoni hupigwa dozi tofauti, na baada ya saa 24 daktari hutazama ni kipi kilichokuwa chekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, na melanini huzuia sehemu ya mionzi, hivyo dozi huweza kuwa kubwa kuliko ya vitabu vya Ulaya. Tabibu wa kijijini asiye na taa hutegemea maswali: je, ilichoma, iliwasha usiku, ilibabuka? Anapaswa pia kuuliza dawa nyingine. Anayemeza septrini au doksisaiklini anaweza kuungua kwa dakika ambazo mwenzake angezistahimili. Na lami ya usiku lazima ifutwe kabla ya kutoka juani, kwa sababu lami na jua pamoja huchonyota.

Kuna pia suala la pa kuotea. Mabaka ya soriasisi hupenda pia sehemu zinazofunikwa na nguo, zile ambazo jua la shambani halizifikii. Mwanamke mwenye magamba kiunoni na mapajani hawezi kukaa nusu uchi uani mbele ya wakwe, tena akiwa tayari ananong'onwa. Kaka yake hatavua shati kwenye mkutano wa kijiji. Hospitali za Ulaya zilipojenga vyumba vya taa zilijenga faragha pamoja navyo. Kwetu ua wa mabua wenye mlango, nyuma ya zahanati, ungefanya kazi hiyo hiyo.

Jua lilelile huua. Katika Kanda ya Ziwa watu wenye ualbino hupata saratani ya ngozi wakiwa vijana, na kituo kile kile cha Moshi kinachofundisha tiba ya mwanga ndicho kilichoanza, katika muongo wa 2010, kutengeneza mafuta ya Kilisun ya kuwakinga na jua. Hakuna mgongano hapo. Anayejua dakika ngapi zinaponya ndiye anayejua pia ni nani hapaswi kupewa hata moja.

Dawa mpya zipo. Kalsipotrioli iliingia katika orodha ya dawa muhimu duniani mwaka 2021, na sindano zinazolenga kemikali mahususi za kinga husafisha ngozi kuliko taa yoyote, kwa bei iliyo kubwa hata kwa Ulaya. Hazitafika Itilima mwakani. Kinachoweza kufika ni tabibu mmoja wa ngozi kwa kila wilaya, mzani wa kuchanganyia dawa katika famasi ya hospitali, kopo la lami, ua wenye faragha na saa ya ukutani. Mafunzo yake yapo nchini tangu mwaka 1992.

Kwa sasa mgonjwa anaweza kuanza kwa kudai kipimo. Anapoambiwa aote jua na apake lami, aulize: saa ngapi, dakika ngapi, na niongeze lini? Tabibu anayeyajibu maswali hayo matatu amempa tiba. Asiyeweza kuyajibu amempa ushauri tu, na ni haki ya mgonjwa kuomba rufaa kwa anayejua.